Wakuu, vichupo kwenye File Explorer ya Windows 10 vinawekwaje?

dada_steshenari

Wakuu habari za jioni. Nina steshenari Ng'ong'ona hapa Dodoma, jirani na UDOM, na wateja wangu karibu wote ni wanachuo. Msimu huu wa maombi ya mkopo wa HESLB mtu anakuja na flashi yake, anataka nimskanie cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, kitambulisho cha mdhamini na picha ya pasipoti, nipunguze ukubwa wa faili, nimwekee kwenye flashi, na kopi nyingine nimrushie WhatsApp. Nyuma yake foleni imesimama.

Kwa mteja mmoja nakuwa nimefungua folda ya skana, folda yenye jina lake, flashi yake, na Downloads kama alinitumia kitu kwa simu. Wakifika wateja watatu, chini ya skrini inabaki ileile ikoni moja ya folda ya njano. Nikipeleka mshale pale unatoka msururu wa madirisha madogo yanayofanana, nachagua kwa kubahatisha. Muda unapotea, lakini kinachonisumbua zaidi ni kwamba hizi ni nyaraka za watu. Mle ndani kuna namba ya NIDA ya baba wa mtu, kuna sahihi, kuna picha. Sitaki ifike siku cheti cha huyu kiingie kwenye flashi ya yule.

Jirani yangu ana laptop ya Windows 11. Folda zake zote zinakaa kwenye dirisha moja, vichupo vimejipanga juu kama vya Chrome. Anabonyeza Ctrl na T, kinafunguka kingine. Kwangu nikibonyeza hivyo hakuna kinachotokea. Mashine yangu ni HP ya mezani, Core i3 kizazi cha nne, RAM GB 4, Windows 10. Je, lipo sasisho la kuleta vichupo, au kuna programu ya kuongezea? Iwe ya bure, isiwe nzito, na isinimalizie bando.

fundi_nkuhungu

Dada, kwa Windows 10 sasisho hilo halipo na halitakuja. Microsoft walijaribu kitu cha namna hiyo mwaka 2017 na 2018, wakakiita Sets, wakakitoa kwa wale wanaojitolea kupima matoleo ya awali, halafu wakakiondoa kabla hakijawafikia watu wote. Vichupo vya File Explorer vilikuja Oktoba 2022, kwenye Windows 11 toleo la 22H2. Mashine yako haiingii huko kwa njia rasmi, kwa sababu Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo mtu akikwambia lete hela nikupandishie upate vichupo, mwache aende zake.

Unabaki na njia mbili.

Ya kwanza ni QTTabBar. Hii inajipachika ndani ya File Explorer yako hiyohiyo. Ukishaisakinisha, toka kwenye akaunti ya Windows uingie tena, fungua folda yoyote, nenda View, kule mwisho kulia bonyeza kishale kilicho chini ya Options, uchague QTTabBar. Vichupo vinatokea hapohapo. Kizuri chake ni kwamba unaweza kuhifadhi kundi la folda kwa jina, ukaliita likafunguka lote kwa mkupuo. Kwako ningehifadhi folda ya skana, Downloads na folda kuu ya wateja. Ubaya ni kwamba inaishi ndani ya Explorer, kwa hiyo Explorer ikikwama vinakwama vyote pamoja.

Ya pili ni Explorer++, na kwa mashine yenye RAM GB 4 mimi ningeanza na hii. Ni ya bure, ya chanzo huria, na haisakinishwi. Unapakua faili ndogo ya zip, unaifungua, unabofya programu, basi. Bando halitashtuka. Ctrl na T kichupo kipya, Ctrl na W unakifunga, Ctrl na Tab unahama kwenda kinachofuata. Ukibonyeza folda kwa gurudumu la mausi inafunguka kwenye kichupo chake. Ingia Tools, kisha Options, uiambie vichupo vya mwisho virudi kila inapowashwa. Folda ya skana bofya kichupo chake kwa kitufe cha kulia, ukifunge kufuli, kisije kikafungwa bahati mbaya katikati ya foleni.

Zote mbili pakua kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile tovuti za kukusanya programu zina vitufe vingi vya kijani vya kupakua, na vingi si vya programu uliyoifuata.

binti_mkunazini

Assalam aleikum. Mimi nipo Unguja, kazi yangu ni picha za harusi, nashinda kutwa nikihamisha faili kutoka kadi za kamera kwenda diski. Nataka nipingane kidogo na fundi hapo juu.

Vichupo ni vizuri kwa mtu anayetaka kuweka sehemu nyingi wazi na kurukia moja baada ya nyingine. Lakini dada kazi yake kubwa ni kutoa faili hapa na kuipeleka pale. Kwenye vichupo unaona sehemu moja tu kwa wakati. Ukivuta faili inabidi uishikilie juu ya kichupo kingine, usubiri kifunguke, ndipo uiachie. Na hapo Windows ina tabia yake: ukivuta ndani ya diski moja faili inahama, ukivuta kwenda diski nyingine inanakiliwa. Kutoka folda ya skana kwenda folda ya mteja, zote zikiwa kwenye C, umeihamisha hiyo. Kwenda kwenye flashi, umeinakili. Kidole kilekile, matokeo mawili.

Kwa hofu aliyoieleza dada, ya cheti cha mtu kuingia kwa mwingine, mimi namshauri Double Commander. Nayo ni ya bure. Dirisha limegawika mara mbili, kushoto folda moja na kulia nyingine, na kila upande una vichupo vyake. Kushoto unaweka folda ya skana, kulia flashi ya mteja aliye mbele yako. Unachagua faili, unabonyeza F5 kunakili au F6 kuhamisha. Kabla haijafanya lolote inakuletea kisanduku kinachoonyesha faili inakwenda wapi, njia nzima imeandikwa. Unaisoma, ndipo unakubali. Kisanduku hicho ndicho kilichonifanya nisiiache hii programu.

Sura yake si ya kupendeza, nakubali. Pale chini ina vitufe vingi utadhani kitu cha zamani. Baada ya siku chache mkono unazoea F5 na kitufe cha Tab cha kuruka upande wa pili, mausi huigusi.

mwalimu_eldoret

Hamjambo. Nafundisha kompyuta shule ya upili. Nikumbushe tu kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayopokea flashi za kila mtu ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kwa i3 na RAM GB 4, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inakaa vizuri. Kidhibiti faili chake, Thunar, kina vichupo tayari, Ctrl na T ileile, na F3 inagawa dirisha mara mbili. Huku Linux vichupo vya folda ni jambo la miaka mingi: kidhibiti faili kingine cha huku, Konqueror, kilikuwa navyo tangu 2003, na Nautilus kikavipata 2008. Hata Finder, kidhibiti faili cha Mac, ilisubiri hadi 2013.

Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu skana na printa zako. Zikikataa, usihame.

dada_steshenari

Asanteni sana wote. Nimezipakua zote mbili, Explorer++ na Double Commander, bando limebaki. Leo nimefanya kazi na Double Commander kutwa nzima. Binti wa Mkunazini, kile kisanduku cha F5 ndicho nilichokuwa nakihitaji bila kujua kinaitwaje. Mteja mwenyewe anaegemea kaunta anasoma jina la folda yake pamoja nami. Kushoto nimeacha vichupo viwili, skana na Downloads, na nimevifunga kufuli. Kulia nafungua kichupo kimoja tu cha mteja niliye naye, akiondoka nakifunga.

Mwalimu, Linux nitaijaribu chuo kikifungwa, saa hizi siwezi kugusa mashine.

Swali moja limebaki. Nikitaka kutoa flashi ya mteja, mara nyingine Windows inakataa, inasema bado inatumika, na kunakili kumeshaisha.

fundi_nkuhungu

Kuna kichupo bado kinaitazama hiyo flashi. Kirudishe kwenye diski C au ukifunge, kisha utoe kwa Eject. Ikikataa tena, angalia programu ya kusoma PDF, pengine bado imeshikilia faili ya mteja. Kuhusu flashi hizohizo, ukikuta folda za mteja zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), usizibofye hata moja. Pitisha antivirusi kwanza.

binti_mkunazini

Na kwenye Double Commander, ukishaingiza flashi mpya, angalia herufi ya diski juu ya upande wa kulia kabla ya F5. Wateja wawili wakichomeka pamoja, mmoja anakuwa E na mwingine F, na flashi nyingi hazina jina. Mimi kadi za kamera nazipa jina la bwana harusi mara tu zinapoingia, ndiyo linalotokea pale juu.