Naombeni ushauri: nimepewa kutetea kodi ya bangi Pennsylvania, namba zinanigonga kichwa

Mtoto_wa_Kasulu
Wakuu, salaam. Niko Erie, Pennsylvania, mwaka wa nne sasa. Usiku niko kiwandani, mchana nasoma chuo cha hapa mjini. Mwalimu wa uchumi katugawa makundi mawili, Alhamisi ijayo tunabishana mbele ya darasa. Kundi langu limeangukiwa na hoja hii: jimbo lihalalishe bangi ya starehe, kodi yake izibe pengo la bajeti. Mimi ndiye niliyetwishwa namba.

Mama alipiga simu jana, nikamweleza ninachosoma. Akanyamaza. Halafu: "Yaani umevuka bahari yote hiyo ukasomee bangi?"

Shida yangu hii hapa. Gavana Josh Shapiro kwenye bajeti aliyoisoma 2025 alipendekeza kodi ya asilimia 20 kwenye bei ya jumla, na makadirio ya mwaka wa kwanza yalikuwa kama dola milioni 536. Nikajua kazi imekwisha. Kurudi nyuma kwenye pendekezo lake la 2024, kodi ile ile ya asilimia 20, nakuta mwaka wa kwanza hata milioni 15 hazifiki, na milioni 250 zinakuja soko likishakomaa. Niende na ipi?

Na la pembeni: nina grini kadi, mwakani naomba uraia. Kusimama mbele za watu nikitetea bangi hakutaniponza?

Ugoro_wa_Babu
Leta sampuli kwanza, tukadirie pamoja 😂

Binti_Ilala
Mpuuze huyo. Mdogo wangu, hizo namba mbili hazigombani sana. Hiyo kubwa imebeba ada za leseni, yaani wafanyabiashara wanalipa ili wafunguliwe mlango. Ada ya namna hiyo unaikusanya mara moja, kama kilemba cha fremu ya duka Kariakoo. Mwaka wa pili hairudi. Ukisimama na 536 na upande wa pili wana mtu mmoja tu anayesoma mpaka ukurasa wa mwisho, umekwisha.

Mimi niko Denver, na Colorado ndiyo darasa lenyewe. Wananchi walipiga kura Novemba 2012, maduka yakafunguliwa 1 Januari 2014. Mwaka huo wa kwanza jimbo lilipata kama dola milioni 67. Ikapanda, ikapanda, 2021 ikapita milioni 420. Hapo kila jimbo likawa linatutolea mfano sisi. Basi ikaanza kushuka, na 2024 ilikuwa karibu milioni 255.

Kilichotokea ni hiki. Huku kuna kodi mbili za asilimia 15: moja bangi ikitoka kwa mkulima, inayopigwa kwa wastani wa bei ya sokoni, na nyingine pale mteja anapolipa. Mwanzoni mwa 2021 ratili moja (karibu nusu kilo) ya maua ilikuwa zaidi ya dola 1,700 bei ya jumla. Miaka miwili mbele iko chini ya 700, kwa sababu kila mtu alikuwa amelima. Asilimia ni ile ile 15, ila 15 ya kitu kilichoporomoka bei. Na majirani nao wakafungua, Arizona 2021, New Mexico 2022, kwa hiyo wale waliokuwa wanakuja kwetu na magari wakabaki kwao. Njia ninayopita kwenda kazini ilikuwa na maduka matatu ya bangi. Limebaki moja. Lingine sasa linauza magodoro.

Dereva_Masafa
Binti Ilala kasema kweli kuhusu majirani, ila kwa Pennsylvania jambo hilo limekaa kinyume. Nyie ndio mmezungukwa. New York, New Jersey, Maryland, Delaware na sisi Ohio wote tumeshahalalisha, imebaki West Virginia tu. Huku walipiga kura Novemba 2023, bangi ya starehe ikaanza kuuzwa Agosti 2024, kodi asilimia 10. Mimi napeleka mizigo karibu na mpaka wenu. Jumamosi pita kwenye maegesho ya duka uangalie namba za magari. Za bluu na njano zile zenu zimejaa. (Wanajua kuvusha mpakani ni kosa la serikali kuu. Wanavusha.)

Hiyo ndiyo hoja yako: watu wa Erie wanalipa kodi hiyo tayari, ila wanailipa Ohio.

Kamau_Nakuru
Mimi niko upande wa kundi lile lingine, samahani. Bajeti aliyoipendekeza Shapiro 2025 ilikuwa zaidi ya dola bilioni 51. Chukua hizo milioni 250 zenu za soko lililokomaa. Ni nusu senti kwa kila dola. Pengo gani linazibwa na nusu senti? Na ukishaizoea hiyo pesa, serikali inakuwa kama mwenye baa: haiwezi kukwambia unywe kidogo ilhali mshahara wa mtu unatoka kwenye chupa yako.

Binti_Ilala
Kamau, kwani hilo ni la bangi peke yake? Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma tunakaa kwenye redio kusikia bia na sigara zimepandishwa shilingi ngapi. Ila kwenye nusu senti nakubali. Mtoto wa Kasulu, usitamke "kuziba pengo" kabisa. Hata huku watu wanasema bangi inajenga shule, na ni kweli, ile kodi ya mkulima sehemu yake inakwenda kwenye majengo ya shule. Basi mtu akisikia anadhani mishahara ya walimu imelipwa.

Ami_Columbus
Mwanangu, nijibu lile la pembeni, maana naona wote wameikimbilia kodi. Kuzungumza darasani hakuna neno, ni mjadala wa shule. Lakini sheria ya serikali kuu bado inaitambua bangi kama dawa ya kulevya, na uraia unatolewa na serikali kuu, si jimbo. Tangu Aprili 2019 idara ya uhamiaji imeandika wazi: kuitumia, hata kufanya kazi kwenye duka au shamba la bangi lenye leseni ya jimbo, kunaweza kukuharibia sharti la tabia njema. Vijana wetu wanaona kazi ya kufungasha inalipa vizuri, jimbo limeruhusu, wanaingia. Usiingie. Na fomu ukiijaza, jaza na wakili.

Mtoto_wa_Kasulu
Ami, shikamoo, na asante sana. Hilo la kazi ya kufungasha sikulijua, na kuna jamaa yangu New Jersey anaifanya. Nampigia leo.

Swali la mwisho kwa dada Binti: wakiniuliza kwa nini asilimia 20 na si 37 kama jimbo la Washington, ili pesa iwe nyingi, niseme nini?

Binti_Ilala
Waambie California. Kodi ya jimbo ilikuwa asilimia 15, juu yake kodi ya mauzo, juu yake tena za miji. Wauzaji wa vichochoroni hawakuondoka mpaka leo. Julai 2025 wakapandisha ile 15 ikawa 19, na Oktoba mwaka huo huo wakairudisha 15. Washington wanaweza na 37 yao, lakini mteja wao hakuwa na Ohio ya asilimia 10 umbali wa nusu saa.

Na taja kuwa Mei 2025 Bunge la chini la kwenu lilipitisha muswada wa kuuza kupitia maduka ya serikali, kama mnavyouziwa mvinyo. Kura 102 kwa 101. Kamati ya Seneti ikauangusha wiki iliyofuata. Kwa hiyo hata hiyo nusu senti bado haijakusanywa.

Mtoto_wa_Kasulu
Nimefuta 536. Naanza na maegesho ya Dereva Masafa, halafu nusu senti naitaja mimi mwenyewe kabla kundi la Kamau halijanitajia.

Mama kapiga tena. Nikamweleza leseni, ratili, Colorado, yote. Akaniuliza kama kule kiwandani bado wananipa zamu ya usiku.