Kibali cha bastola cha Ohio, ukivuka mto Delaware ni karatasi ya kufungia maandazi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Tangu Alhamisi sijalala vizuri na mfukoni nimepungukiwa mzigo mzima.

Kwa wasionijua, naendesha semi, makazi yangu Columbus, Ohio. Kabla ya kuja huku nilipiga Dar–Tunduma–Lubumbashi miaka sita. Nina kadi ya kijani, uraia bado. Na nina kibali cha kubeba silaha kwa kificho, nilichopewa na sherifu wa kaunti baada ya darasa la urefu wa saa nane, kulenga shabaha, alama za vidole na kuchunguzwa maisha yangu yote. Sikukiokota uchochoroni.

Najua kuna watakaouliza bastola kwenye lori ya nini. Machi 2009 dereva mmoja, Jason Rivenburg, alifika mapema na mzigo kule South Carolina, hana pa kuegesha, akalala kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa. Aliuawa ndani ya lori lake kwa dola 7. Saba! Mkewe alikuwa na mimba ya mapacha. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya maegesho ya malori, ikapewa jina lake, na mpaka leo saa nne usiku ukitafuta nafasi kwenye I-80 utazunguka mpaka saa zako za kuendesha unazoruhusiwa kisheria zikuishie. Kwa hiyo swali hilo mkamuulize mwingine.

Sasa Alhamisi. Niko Pennsylvania, mzigo wa kushusha Stroudsburg. Pennsylvania wanakitambua kibali cha Ohio, kwa hiyo bastola iko kiunoni, roho imetulia. Saa tisa alasiri dispacha, yule wa ofisini anayetupangia mizigo, anapiga. Mteja kabadilisha ghala. "Ni mbele kidogo tu kaka, dakika arobaini." Namuuliza mbele wapi. Mbele ni New Jersey.

Dispacha ni kijana, hajawahi kuvuka chochote zaidi ya barabara ya kwenda kununua kahawa. Kwake yeye ramani ni mstari wa bluu.

Nikatoka barabara kuu kabla ya daraja la mto Delaware, ndio mpaka wa New Jersey, nikaegesha nyuma ya kituo cha mafuta, nikafunga pazia la kitanda. Nikachomoa magazini, nikaanza kusukuma risasi moja moja kwa dole gumba mpaka kucha ikauma. Kumi na tano, na moja ya kwenye chemba, zote juu ya shuka la Kimasai alilonipa mama mkwe. Nikakaa nazitazama. Wakuu, pale kwenye shuka palikuwa na makosa matatu ya New Jersey yamejipanga kama dagaa sokoni. Bastola yenyewe, maana kibali cha Ohio hawakitambui, na cha jimbo lingine lolote pia hawakitambui. Magazini, maana kwao mwisho ni risasi 10. Na risasi zenyewe, zile zenye shimo kwenye ncha, ambazo huku Ohio mwalimu wetu alituambia ndizo za mtu mwenye busara kwa sababu hazipenyi kirahisi mpaka kumkuta aliye nyuma. Ukienda nazo New Jersey nje ya nyumbani kwako au uwanja wa shabaha, una kesi.

Kosa la bastola peke yake, bila kibali chao, ni daraja la pili: kifungo cha miaka 5 hadi 10, na sheria yao inasema lazima ukae miezi 42 kabla ya kufikiriwa kutoka. Yaani wewe hujamnyooshea mtu, hujalewa, huna rekodi, una kibali halali cha jirani. Miezi 42.

Msiniambie hawamfungi mtu wa hivyo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, analea watoto peke yake, alisimamishwa New Jersey kwa kosa la kubadili njia vibaya. Kwa uungwana wake akamwambia askari mwenyewe: nina bastola, na hiki hapa kibali changu cha Pennsylvania. Alidhani kibali ni kama leseni ya gari. Akatiwa pingu, akalala ndani wiki kadhaa, akatishiwa kifungo hicho hicho. Mpaka gavana Chris Christie alipompa msamaha, Aprili 2015. Sasa mimi na jina langu hili, na Kiingereza changu cha Temeke, nani ataniombea msamaha kwa gavana?

Nikakumbuka kuna sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, ya 1986, ile ya kupita salama. Mwalimu aliitaja dakika za mwisho watu wakiwa wanavaa makoti. Nikaitafuta kwenye simu, nikaisoma mara tatu. Inasema unaweza kupita jimbo lolote na silaha, ilimradi haina risasi na haiko karibu na mkono, na kama gari halina buti iwe kwenye sanduku lililofungwa kwa ufunguo. Kidroo cha dashibodi hakihesabiki. Nikasema afadhali, sanduku ninalo, la chuma, nimelifunga kwa waya chini ya kitanda.

Kumbe kuna mtego. Sheria inakulinda ukitoka mahali unaporuhusiwa kubeba, kwenda mahali unaporuhusiwa kubeba. KUPITA. Mimi sipiti New Jersey, mimi naenda New Jersey. Nashusha huko na nalala huko. Kufuli langu na sanduku langu hapo havina kazi.

Hata anayepita kweli, aombe asichelewe. Kuna jamaa wa Utah mwaka 2005 alikuwa anaruka kwenda Allentown, Pennsylvania, bastola imefungwa ndani ya begi kama sheria inavyotaka, na ameitangaza kwa shirika la ndege. Akakosa ndege ya kuunganisha Newark. Wakamrudishia begi, akaenda nalo hotelini kulala. Asubuhi anarudi uwanjani, anaitangaza tena kwa adabu, pingu. Akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yakaja kufutwa, akafungua kesi ya madai, na mahakama ya rufaa mwaka 2010 ikamwambia: pole, lakini usiku ule begi lilikuwa mkononi mwako, kwa hiyo ulinzi haukuhusu. Ndege kuchelewa tu! Sisi wa malori tunachelewa kila siku ya Mungu: theluji, foleni, saa zimeisha, tairi.

Nikapiga simu ofisi moja ya polisi ya upande ule, nikauliza kwa heshima nifanyeje. "Siwezi kukupa ushauri wa kisheria, muulize wakili." Saa kumi jioni, nyuma ya kituo cha mafuta, wakili nimtoe wapi? Nikapiga duka la silaha la pale karibu, niwaachie sanduku mpaka kesho, nalipa. Hawahifadhi za wapita njia. Dispacha anapiga kila dakika tano.

Nikakataa mzigo. Tela likaja kuchukuliwa na dereva mwingine usiku, mimi nikarudi mtupu, na ujumbe umetumwa ofisini kwamba nina "tatizo la nidhamu". Hilo ndilo limenichoma kuliko hela. Miaka minne sijawahi kugusa hata kioo cha mtu.

Kinachonitoa povu ni hiki. Lori langu lilipotoka Dar lilikuwa na kadi ya njano ya COMESA, bima moja. Tunduma wanaiheshimu, Nakonde wanaiheshimu, mpaka Kasumbalesa, ambako hata salamu hutozwa. Nchi zinazogombana kila msimu kuhusu mahindi zilikaa mezani zikakubaliana kadi moja. Ohio na New Jersey ni nchi MOJA, rais mmoja, dola moja, na katikati yao kuna Pennsylvania tu. Leseni yangu ya lori inatambulika majimbo yote 50, na sheria iliyoleta leseni hiyo ni ya mwaka huo huo 1986! Kwa hiyo mwaka ule walikaa, wakaona dereva wa tani 36 aaminiwe kila mahali, ila bastola yake ya nusu kilo wakamwachia sanduku na kufuli.

Na wakitaka wanaweza. 2004 walipitisha sheria ya askari polisi, hata mstaafu anabeba jimbo lolote. Desemba 2017 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kutambua vibali vyetu sisi watu wa kawaida, kura 231 kwa 198, ukafia Seneti. Januari 2025 mbunge Richard Hudson wa North Carolina akaurudisha tena kwa namba ile ile, 38. Kila uchaguzi wanautoa kabatini kama sahani za wageni.

Mahakama ya Juu ya Marekani nayo mwaka 2022 iliwaambia New York na wenzao waache kudai mtu athibitishe ana sababu maalumu ndipo apewe kibali. Watu wakashangilia kwenye magrupu. Lakini haikuwaambia watambue cha jirani. Ukitaka, omba cha kwao: New Jersey ni dola 200, na wadhamini wanne wanaokufahamu, wasiwe ndugu. Halafu New York uanze upya, Maryland upya, Massachusetts upya. Mimi nilale lini?

Illinois angalau wana ubinadamu kidogo: kama kwenu ni halali, unaweza kukaa nayo ndani ya gari, ila ukishuka kwenda msalani iache imefungwa. Na ukivuka Toledo kuingia Michigan hata ulimi unabadilishiwa sheria. Ohio tangu Juni 2022 unamwambia askari una silaha akikuuliza, Michigan unamwambia papo hapo kabla hajauliza. Maili moja ya lami! Kuna majimbo 29 hayahitaji kibali kabisa, na Vermont hawajawahi kuwa nacho, kwa hiyo mtu wa Vermont hata karatasi ya kuonyesha jirani hana. Nani alibuni huu mchezo?

Na nyie mnaouza madarasa mjitafakari. Mwalimu wetu alituuzia na kibali cha Utah cha asiye mkazi, "kinatambuliwa majimbo zaidi ya 30, unafunika nchi". Kweli ni zaidi ya 30. Ni yale yale ambayo cha Ohio tayari kinafunika! Yale yenye jela, hata moja hamna.

Jambo la mwisho ni la wenye kadi ya kijani, na hapa naomba tuache utani. Sheria ya uhamiaji inasema ukikutwa na hatia ya kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, unaweza kufukuzwa nchini. Yoyote, ya jimbo au ya shirikisho. Mmarekani akikosea daraja analipa wakili, anapata onyo, anarudi kwake. Wewe unaonja jela halafu unapandishwa ndege, watoto unawaacha shuleni. Usimtegemee kila wakili. Kesi ya Padilla ya 2010 ilikuwa ya dereva wa lori kama sisi, mzaliwa wa Honduras, miaka 40 hapa, alipigana mpaka Vietnam. Yake ilikuwa bangi, siyo bastola. Wakili wake alimwambia akiri tu, asihofu kufukuzwa kwa jinsi alivyokaa sana. Ilibidi Mahakama ya Juu iseme kwamba wakili ana wajibu wa kukwambia ukweli huo.

Darasa zima la saa nane, hakuna aliyetamka neno "uhamiaji". Nilimuuliza mwalimu kama mwenye kadi ya kijani ana la ziada la kujua. Akasema, "Hapana, haki ni ile ile." Haki ndiyo ile ile, adhabu je?

NYONGEZA: Naona mmeanza. Kwa yule aliyeandika "Katiba iko juu, beba tu, mbona mimi napita kila wiki": mkuu, wewe una pasi ya Marekani, na hujasimamishwa bado. Usiwapoteze watoto wa watu.

Kwa aliyesema niiache nyumbani: nimekuelewa, na pengine ndivyo nitakavyofanya, hata mke wangu kasema hivyo. Ila ujue hapo umekubali kwamba kibali changu kinafanya kazi siku nisiyosafiri tu.

Kwa aliyeuliza ushuru wa daraja: la I-80 pale Delaware Water Gap kuingia New Jersey hulipi. Unalipa ukitoka.

Mwenye kujua mahali Stroudsburg au karibu wanapokodisha kabati la kuhifadhi silaha kihalali kwa siku moja, aniandikie faragha. Jumatatu nimepangiwa mzigo mwingine. Dispacha kaapa ni Allentown.