Nakala ya kurejesha Windows waliiweka ndani ya diski ileile inayokufa, sasa wananiambia ninunue laptopu mpya

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Leo ni siku ya nne nahangaika na laptopu ya mama ya mwaka 2011, ambayo kosa lake ni moja tu: diski ngumu imekufa. Kioo kizima, kibodi nzima, prosesa inatosha kabisa kwa kazi yake. Mama anadarizi, na programu inayopeleka michoro kwenye mashine yake inakubali Windows 7 tu. Diski ilipoanza kugonga nikawahi kutoa mafaili, nikanunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), nikafungua skrubu chache nikaibadilisha mwenyewe. Haikuzidi nusu saa. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Siku tunainunua mpya, ndani ya boksi palikuwa na chaja, kijitabu na karatasi ya dhamana. DVD ya Windows haikuwemo. Kampuni iliyoitengeneza iliiweka nakala ya kurejesha mfumo kwenye sehemu iliyofichwa ya diski ngumu, ile inayokula gigabaiti kumi na kitu za nafasi uliyoilipia mwenyewe. Ukibonyeza kitufe fulani wakati wa kuwasha, kompyuta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Sawa, lakini diski ikifa? Nakala inakufa nayo! Na kila fundi anajua kuwa diski ya kuzunguka ni kati ya vitu vinavyowahi kuharibika kwenye laptopu. Ni kama mtu akukabidhi nyumba, halafu ufunguo wa akiba autundike ndani, nyuma ya mlango uleule.

Najua kuna watakaosema, "si waliwaambia mchome DVD (muinakili Windows kwenye DVD tupu)?" Ndiyo. Siku ya kwanza kilitokea kidirisha kinachoomba DVD tupu nne, na programu yenyewe ilikubali kuchoma seti moja tu, basi. Nani hununua laptopu akiwa na DVD tupu nne mfukoni? Mama alibonyeza "baadaye", kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na hakuna aliyemweleza kwamba hapo anaacha kitu alichokwisha kukilipia. Kuchoma diski ya kurejesha ni kazi ya kiwanda. Wao wameokoa gharama ya kipande cha plastiki, mzigo wakamtwisha mnunuzi.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakajibu kwamba DVD za kurejesha za modeli hiyo hazitolewi tena na kwamba nifikirie kununua kompyuta mpya. Nikaomba draiva basi, angalau, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vipuri vya laptopu. Ukurasa wa modeli hiyo umeshafutwa. Hivi faili la draiva linaoza? Linakula nini likikaa kwenye seva?

Kabla sijashika kazi ya kuweka Windows mwenyewe niliipeleka kwa fundi, na hapo nina neno. Nilimwonyesha stika iliyo chini ya laptopu, leseni halali ya Windows 7 Home Premium, nikamwambia atumie hiyo. Akapiga window ya Ultimate, toleo jingine kabisa, tena iliyovunjwa. Siku ya pili kioo kikawa cheusi na maandishi pembeni kwamba nakala si halali, na kivinjari kikawa kinafungua kurasa za matangazo ambazo hakuna aliyeziomba. Nikamrudishia na stika mkononi, akasema "zote ni Windows, mkuu". Si kweli! Namba ya Home Premium haiwezi kuifungulia Ultimate hata uiandike mara mia. Mama alikuwa na leseni halali, fundi akamrudishia mashine yenye programu ya wizi na uchafu juu yake. Mafundi mlio humu, someni stika kabla ya kuchomeka flashi yenu.

Basi nikaanza upya. Yaliyonigharimu siku hizi nayaandika ili mwingine asiyapitie.

Leseni iko kwenye ile namba ya herufi 25, haiko kwenye diski. Kwa hiyo unaweza kuazima DVD halisi ya mtu mwingine, mradi iwe ya toleo lilelile, ukatumia namba yako. Stika ya mama ilikuwa imefutika kwa joto na kusuguliwa miaka yote hiyo, nikaisoma kwa tochi ya simu nimeilaza pembeni. Kilichonisaidia ni hiki: namba za Windows 7 hazitumii irabu, wala hazina 0, 1 au 5. Ukiona kama O, basi huenda ni Q au D. Ukiona kama 5, huenda ni 6. Mimi nilichanganya B na 8 mara tatu. (Kompyuta zilizokuja na Windows 8 kuendelea kwa kawaida namba yao imehifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, hawana shida hii ya stika.)

Jicho la DVD la laptopu nalo halisomi tena, kwa hiyo nikahamishia kwenye flashi kwa kutumia Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia. Mara ya kwanza niliacha mpangilio wa GPT, ule mpya wa kugawa diski, laptopu ikadai haioni kitu cha kuwashia. Mashine za umri ule zenye BIOS ya zamani (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta) zinataka MBR, mpangilio wa zamani. Mara ya pili ikawaka, nikashangilia, halafu katikati ikasimama na kudai draiva ya CD haipo. CD ipi, wakati natumia flashi? Nilipoteza usiku mzima hapo. Ukweli ni kwamba Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na kisakinishi chake hakiijui USB 3.0. Flashi ilikuwa kwenye tundu la bluu. Nikaihamishia tundu jeusi la upande wa pili, ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Ujumbe ule ungesema neno moja tu la kweli kuhusu tundu, ningelala usiku ule.

Ikaisha kusakinisha. Waifai hakuna, tundu la kebo ya mtandao halitambuliki, maandishi makubwa kama ya bango. Draiva ziko intaneti, na intaneti inataka draiva. Njia ni kuingia kwenye orodha ya vifaa, kubofya kile chenye alama ya mshangao, na kusoma kitambulisho chake. Herufi zinazofuata VEN ni mtengenezaji wa kipuri: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom. Zinazofuata DEV ni kipuri chenyewe. Unayatafuta hayo kwenye kompyuta nyingine, jina la laptopu unaachana nalo kabisa. Waifai ikapatikana hivyo. Bado kurasa zikagoma kufunguka, kumbe betri ndogo ya bodi, CR2032, imekufa na saa imerudi miaka mingi nyuma, kwa hiyo kila cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika. Nikarekebisha tarehe, nikaingiza namba ya stika, ikakubali. Leseni ya mama ilikuwa hai muda wote huu.

Msiniambie niweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Laptopu yangu mwenyewe ina Linux Mint na naipenda, ila programu ya kudarizi haifanyi kazi humo, nimejaribu. Msiniambie pia niweke Windows 11, inataka TPM 2.0 (kipuri cha usalama ndani ya kompyuta) na mashine hii haina. Na najua Windows 7 iliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, ndiyo maana ikishakamilika naitoa kwenye mtandao moja kwa moja.

Ninachodai kwa watengenezaji si msaada. Faili za kurejesha na draiva za kila modeli mliyouza ziacheni wazi, mtu aandike namba ya mashine yake azichukue. Mama hakuomba zawadi, alinunua.

Na nyie ambao laptopu zenu za zamani bado zinawaka, leo hii chukueni diski ya nje na Clonezilla, programu ya kunakili diski, nakilini diski nzima pamoja na ile sehemu iliyofichwa, na mpige picha stika kabla haijafutika.

Kilichobaki kwangu ni kisomeo cha kadi, VEN_10EC na DEV_5209. Mama hupeleka michoro kwenye mashine kwa kadi, kwa hiyo bila hicho kazi imesimama. Tovuti nilizokuta zinanilazimisha kusakinisha kwanza programu zao za kutafuta draiva, na baada ya yale ya fundi sitaki kitu cha namna hiyo kwenye mashine hii tena. Mwenye DVD za kurejesha za laptopu ya miaka ile yenye kisomeo hicho, Windows 7 ya biti 64, naomba anitumie folda ya draiva tu. Namba ya leseni ninayo.