MJADALA: Nyumba ya Mji Mkongwe kugeuzwa mgahawa, kuta za ndani zibomolewe au zibaki?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nimeoneshwa mchoro wa mgahawa unaotaka kuingia kwenye nyumba moja ya zamani huku Shangani, Unguja. Mzuri, sikatai: taa za kuning'inia, kaunta ya mninga, dari ya jipsamu iliyonyooka kama karatasi. Ila vyumba vitatu vya chini vimekuwa ukumbi mmoja. Kuta mbili zimefutwa kwa kalamu.

Mchoraji anasema ni "kuta za ndani tu". Chumba cha Mji Mkongwe ni kirefu na chembamba, upana kama mita 3, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki sana zaidi ya hapo. Kila ukuta umebeba boriti za juu yake, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa, si mbao. Ukuutoa ukuta, unaitaka boriti ivuke mita 6.

Mimi naona mgahawa uufuate wembamba huo. Jenga baraza ya sentimita 50 ukutani, meza 70, kiti 60. Imebaki mita 1 na ushei, mhudumu anapita na sinia lake. Anayepinga aseme.

Mwenye mgahawa:
Napinga mimi. Kundi la watalii 40 linataka kula pamoja, wewe unalikata mapande matatu. Na nyumba isiyoingiza pesa haipakwi chokaa. Jumba la Beit el Ajaib hapa Mji Mkongwe halikuwa mgahawa, lilikuwa makumbusho, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka likiwa kwenye ukarabati, watu wawili wakafa. Unatoa ukuta, unaweka nguzo na mihimili ya chuma, kazi imekwisha.

Mleta mada:
Ndugu yangu, mfano huo unakugeukia. Beit el Ajaib ilikuwa na nguzo za chuma tangu ilipojengwa mwaka 1883, na bado ikaporomoka. Kwenye pesa nakubaliana nawe.

Fundi chokaa:
Mnagombana na ukuta, jikoni mmeliweka wapi? Sijasikia mtu kulitaja.

Nyumba hizi zinapumua. Unyevu unapanda kutoka chini, unatokea kwenye chokaa, unakauka. Mgahawa unaleta mvuke wa masufuria kutwa, halafu mwenyewe anaona chokaa inachafuka, anaita mtu apige lipu ya simenti na rangi ya mafuta apate kufuta. Maji yakose pa kutokea. Chumvi inasukuma kwa ndani, masika mbili hazipiti lipu inavimba, inaachia mabamba mazima. Mwaka jana nimebandua moja kwa mkono, sikuhitaji hata tindo. Nyuma yake ukuta umelowa, udongo unachoteka kwa kidole.

Na hiyo jipsamu ndiyo inayonitisha kuliko kuta zenu. Boriti ikioza kichwani, pale inapoingia ukutani, unaiona ikiwa wazi. Ukishaificha utajua siku imeangukia mchuzi wa mtu. Acheni boriti zionekane, mgeni mwenyewe ndizo anazozipiga picha.

Jikoni litoke nje, uani.

Mkaazi wa mtaa:
Na sisi majirani je? Baraza ya nje ilikuwa ya wazee kunywea kahawa. Mgahawa wa jirani yetu umeweka mito na kibao cha bei, mzee akikaa anaulizwa ataagiza nini. Jenereta sisemi.

Mwenye mgahawa:
La baraza umenishinda, bibi, ya kwangu itabaki ya mtaa. Ukuta: tukitoboa mlango wa tao baina ya vyumba, mita 1 hivi, kundi likawa linaonana?

Fundi chokaa:
Tao la mawe na chokaa, mbali na pembe, na kwanza tuangalie boriti za juu zimelala upande gani. Hilo hata Mamlaka ya Uhifadhi wa Mji Mkongwe unaweza kwenda nalo kuomba kibali. Simenti usininunulie.

Mwenye mgahawa:
Sawa. Ila uani jikoni haliingii, ndipo ilipo chemba ya maji machafu.

Fundi chokaa:
Chemba kuukuu, kando ya msingi wa matumbawe? Basi kunja huo mchoro, kesho tukaifunue chemba kwanza.