Kokoto za mviringo Mirihi: wanajuaje si upepo?

FundiKisima:
Wakuu, habari za jioni. Nachimba visima huku Singida, kazi yangu ni kusoma kinachotoka chini. Nikiona changarawe laini zisizo na kona, najua hapo palipita mto. Juzi kijana wangu kanionesha picha ya mwamba wa Mirihi ya mwaka 2012, kokoto zimeshikana kama zege lililovunjika. Wanasema ni mto. Lakini Mirihi si ina dhoruba za vumbi zinazofunika sayari nzima?

Bint_Miamba:
Mkuu, tazama ukubwa. Picha hiyo ilipigwa na Curiosity, gari-roboti la NASA, ndani ya kreta ya Gale, yaani shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, na kokoto nyingine zinafika sentimita 4. Mgandamizo wa hewa ya Mirihi haufiki asilimia 1 ya wetu. Upepo wa hivyo unainua vumbi, jiwe la namna ile hauligusi. Walikadiria maji ya kifundo cha mguu hadi kiunoni, yakienda karibu mita 1 kwa sekunde.

FundiKisima:
Hapo nimekubali. Ila makorongo ya huku hujaa usiku, asubuhi unakuta mchanga mtupu. Maji ya kupita tu hayafanyi mahali pakalike.

Bint_Miamba:
Ndiyo maana wakatoboa. Februari 2013, Yellowknife Bay, humo humo Gale. Lile ni tope la ziwa lililogeuka mwamba. Chembe laini vile hutua maji yakishatulia. Ndani wakakuta udongo wa mfinyanzi, ishara ya maji yasiyo na asidi kali wala chumvi nyingi. Tena unga ulitoka wa kijivu, si mwekundu! Kiumbe hawajaona. Wanachosema ni kwamba pangefaa kuishi.

mzee_wa_darubini:
Na maji hayo yalikwenda wapi? Mirihi ina kama sehemu 1 kwa 10 ya uzito wa Dunia, na ngao yake ya sumaku ilizimika zamani sana. Mwanga wa jua ukavunja mvuke, haidrojeni nyepesi ikatoroka, nzito ikabaki nyuma. Leo maji ya kule yana haidrojeni nzito takriban mara 5 kuliko bahari zetu. Mengine ni barafu, mengine yamefungwa ndani ya madini.

FundiKisima:
Kijivu! Huku udongo mwekundu ukigeuka kijivu nikishuka, najua hewa haikupafikia. Kama kuna mabaki, ningetafuta hapo, si juu kwenye kutu.

Bint_Miamba:
Ndiko wanakotafuta, mkuu. Mwaka 2018 walitangaza molekuli za kaboni kwenye tope la Gale lenye miaka kama bilioni 3. Zinaweza kutokea bila uhai, lakini zimedumu. Keekee yenyewe inashuka sentimita 5 hivi.

FundiKisima:
Sentimita 5? Mimi hapo sijafikia hata mizizi ya nyasi. Wapelekeni mashine ya maana, jamani.