Tupeane uzoefu: bibi na babu wanaolipwa kulea wajukuu Uingereza

Wenzangu mnaoishi Uingereza, naomba tupeane uzoefu kuhusu wazazi wetu wanaotulelea watoto kwa malipo. Naanza na yangu. Nilipokaribia kurudi kazini, mama yangu aliacha kibarua chake ili akae na mwanangu siku nne kwa wiki, nami nikaahidi kumlipa kila mwezi. Jirani akanitisha kwamba bila usajili wa Ofsted, yaani mamlaka inayosajili na kukagua walezi wa watoto England, tungeshtakiwa. Nilikosa usingizi siku tatu, kumbe bure: Sheria ya Malezi ya Watoto ya mwaka 2006 haimlazimishi bibi, babu, shangazi wala mjomba kujisajili, hata akilipwa. Tafadhali taja uko sehemu gani, maana Uskoti na Wales zina mamlaka zake.

Bibi wa wajukuu wawili: Mimi niko London. Nilikuwa salama mpaka rafiki wa binti yangu aliponiomba nimlelee na mwanawe wa miaka 3, kuanzia asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kwa mtoto asiye wa ukoo, mwenye umri chini ya miaka 8, ukilipwa kumlea nyumbani kwako zaidi ya saa 2 kwa siku, usajili ni lazima. Nikasoma huduma ya kwanza ya watoto, nikabinya kifua cha mwanasesere wa plastiki mpaka magoti yakauma, na mume wangu naye akachunguzwa rekodi ya uhalifu kwa sababu tu anaishi humo ndani, jambo lililomkera sana. Nilipokubaliwa nikadhani binti yangu naye ataleta zile saa za malezi zinazogharamiwa na serikali. Wapi! Sheria ileile haihesabu malezi ya ndugu kuwa huduma ya malezi, kwa hiyo mtoto wa rafiki analipiwa lakini mjukuu wangu halipiwi, ingawa wanakula meza moja. Kilichotufaa ni akaunti ya malezi, ambamo mzazi akiweka pauni 8 serikali huongeza 2. Huko ndugu hukubalika, mradi amesajiliwa na anamlea mtoto nje ya nyumba ya wazazi wake.

Babu dereva: Nami niongeze la pensheni, ambalo wengi hulisahau. Tangu Aprili 2011, babu au bibi ambaye hajafikia umri wa pensheni anaweza kuhamishiwa mchango wa Bima ya Taifa, unaohesabiwa kwenye pensheni yake, kwa kumlea mjukuu wa chini ya miaka 12, ikiwa mzazi anayepokea posho ya mtoto hauhitaji mwenyewe. Fomu husainiwa na wote wawili, na hupelekwa baada ya tarehe 31 Oktoba inayofuata mwisho wa mwaka wa kodi. Mchango ni mmoja tu, haugawanywi. Binti yangu alilazimika kuchagua kati yangu na mama mkwe wake, akamchagua mama mkwe. Sikusema neno, ila fomu ya mwaka uliofuata niliijaza mapema, nikamwekea mezani pamoja na kalamu.