Naomba ushauri: safari ya wafanyakazi 26 kutoka Mtwara mjini, mwaka jana tulirudi tumenuniana

Wadau wa Kusini, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nipo masjala kwenye ofisi moja hapa Mtwara mjini. Tuko 26, kuanzia meneja hadi walinzi na mama anayetupikia chai. Jumatatu meneja kanikabidhi safari ya mwaka: siku moja, Jumamosi ya mwishoni mwa Septemba, kabla msimu wa korosho haujachanganya. Fungu ni milioni mbili na nusu. Nashukuru kuaminiwa, ila usingizi umepungua kwa sababu ya yaliyotokea mwaka jana.

Tulikwenda ufukwe wa Msimbati. Tumefika saa nne asubuhi, bahari imekupwa, maji yanaonekana kule mbali kama mstari. Tukapangwa kwenye viti vya plastiki, viongozi wakaanza kusoma malengo ya robo mwaka. Hotuba zimekuja kwisha saa nane kasoro. Muda wote huo mama wa chai na dada wa usafi walikuwa nyuma ya gari wanakaanga samaki wa watu 26, macho mekundu kwa moshi. Maji yalipojaa, watu wakaingia kuoga, wao wanasugua masufuria kwa mchanga. Mama alikuwa amebeba kanga ya kuogelea. Ilirudi kwenye mfuko wake vile vile ilivyokunjwa asubuhi. Walinzi ndio kabisa, walibaki lindo, tukawaletea vichwa vya samaki kwenye karatasi ya nailoni.

Kwenye gari la kurudi hakuna aliyeimba. Wiki nzima iliyofuata chai ilikuwa inawekwa mezani bila neno.

Sitaki hilo lijirudie mikononi mwangu. Niende wapi, nipangeje? Wengine ofisini wanataka Kilwa. Nawasilisha.

Mvuvi wa Shangani:
Dada, kosa la kwanza mlilifanya kwenye kalenda. Hiyo ilikuwa bamvua, siku ambazo maji yanakupwa na kujaa kupita kiasi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakupwa mida ya saa nne asubuhi na kujaa mida ya saa kumi jioni. Mkipeleka watu asubuhi mtawaonyesha mwani na matope. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo hesabu mwezi kama wanavyouhesabu msikitini: tafuta Jumamosi inayoangukia siku ya 10 hadi 12 tangu mwezi uandame, au ya 25 hadi 27. Hapo maji yanajaa kati ya saa tano na saa saba mchana, watu wanaoga, wanatoka na njaa, chakula kinaliwa. Halafu hakikisha kwa wavuvi wa pale pale. Na Septemba upepo wa kusi unakuwa umeanza kulegea, umechagua vizuri.

Mzawa wa Masoko:
Mimi ni mtu wa Kilwa na napenda mno wageni waje, lakini kwa siku moja msije. Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300. Mtafika mmechoka, mkate kibali, mtafute boti, mvuke hadi Kilwa Kisiwani kwenye magofu, na jua linazama. Magofu yale ni urithi wa dunia tangu 1981. Msikiti Mkuu peke yake unataka saa nzima ya kukaa kimya chini ya zile kuba, bado kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji. Ninyi mkimbie humo kama mnakimbilia basi? Wekeni akiba, mje mwakani mlale siku mbili.

Kijana wa Ligula:
Kwa nini msigawane hela tu? Milioni mbili na nusu kwa watu 26 ni zaidi ya elfu 96 kwa kichwa. Mimi ningechukua changu nikalipe ada.

Mama Mikindani:
Mwanangu wa Ligula, elfu 96 inaisha Jumatano, na yule mama wa chai atabaki na kinyongo chake. Dada, nisikilize mimi, nimepika kwenye shughuli nyingi. Usimpe kazi ya safari mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwahudumia wenzake. Tafuta mama lishe wa nje, mkubaliane bei kwa sahani, mpe nusu mapema anunue samaki alfajiri. Mwambie awachemshie na ming'oko, ile mizizi ya porini, watu wa ofisini wanaikumbuka kwa bibi zao. Na kabla ya yote pita kwa kila mmoja peke yake, umuulize anapenda nini na nini kinamzuia kuja. Mkutanoni watu wanakubali kila kitu. Pembeni ndipo utasikia fulani ananyonyesha, fulani anaogopa boti, fulani hali nyama.

Mwalimu Mstaafu:
Naunga mkono, ila nampinga atakayesema kiongozi asiseme kabisa. Wafanyakazi wanapenda kusikia ahsante kutoka kinywani mwa mkubwa wao. Dakika kumi, akiwa amesimama, bila karatasi. Malengo ya robo mwaka yana siku yake.

Mleta uzi:
Nimeelewa, ahsanteni sana. Limebaki la walinzi. Wako wanne, lindo halifungwi.

Mvuvi wa Shangani:
Achana na Msimbati mwaka huu, nendeni Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Mnavuka na kivuko hapo hapo mjini, ni mwendo mfupi. Walinzi wawili waje asubuhi, saa saba warudi kupokea lindo, wawili wengine wavuke. Mwenye mtoto mdogo naye anarudi muda wake bila kusimamisha gari la watu 26. Mkitaka boti ya pembeni kwa matembezi, hesabu majaketi okozi kabla hamjapanda, moja kwa kila mtu. Likipungua moja, msipande.

Mama Mikindani:
Na wakiwahi, wapitie kwetu kwanza. Boma la Wajerumani la 1895 lipo, na hapa ndipo mvumbuzi Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Nusu saa inatosha.

Mleta uzi:
Mikindani nimeitoa, Mama nisamehe, nataka siku isibanwe. Nimepata Jumamosi inayoangukia siku ya 11 tangu mwezi uandame. Mama lishe kanitajia elfu 12 kwa sahani. Meneja amekubali dakika kumi, na amekubali pia kuvuka na kivuko cha saa saba ili awalete mwenyewe wale walinzi wawili.

Leo mchana nimekwenda jikoni kumuuliza mama wa chai anataka nini siku hiyo. Amenyamaza kwanza, anakoroga sukari. Kisha akaniuliza kama safari hii abebe kanga. Nimemwambia abebe mbili.